Sakafu Tuliyoichora Wawili

Mwaka ule wa misako, mabubu waliongezeka mjini Kigoma. Ilitosha askari asimame sokoni na kuuliza swali dogo, na mtu mzima mwenye meno yote na ulimi wake salama alishika koo na kutikisa kichwa. Walikuwa na sababu. Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa hujulikana kwa neno la kwanza tu, cha Burundi vilevile, na mkimbizi aliyekutwa anaishi mjini bila kibali alipakiwa kwenye lori. Kwa hiyo walinyamaza. Mimi ni kiziwi tangu utotoni, na niliwachukia watu hao, nasema bila kumung'unya maneno. Waliazima kilema changu kwa nusu saa, wakishavuka kizuizi walikirudisha na kuendelea na soga zao.

Nilizaliwa Ujiji, katika nyumba ya wauza mawese na dagaa. Homa ya uti wa mgongo ilinipata nikiwa tayari ninajua kusoma, na niliporudi kutoka hospitali midomo ya watu ilikuwa inacheza tu. Mama alitafuta njia ya kuniita. Alifunga vijiwe kwenye pindo la khanga yake, akinihitaji alinirushia kimoja mgongoni. Sikumlaumu kwa hilo, maana nyumba yetu ilikuwa na sakafu ya udongo, na udongo haupelekei mtu habari yoyote. Aliyeniudhi ni shangazi. Kila nilipounguza ugali wa muhogo alinishika kidevu, akanigeuza uso, akasema polepole ili nimsome vizuri: "Sikio la kufa halisikii dawa." Wote walicheka. Ndiyo methali ya kwanza niliyojifunza kuisoma midomoni.

Sauti nilibaki nayo, na ninaitumia mpaka leo. Kaka yangu aliwahi kuniandikia kwamba inapanda na kushuka ovyo na kwamba wageni huishtukia. Nikamwandikia kwamba wageni wakishtuka waende kwao.

Nilisoma mbali na nyumbani, kwanza shule ya viziwi, baadaye chuo cha ufundi pamoja na vijana wanaosikia, ambao walinisahau darasani kama mwavuli. Nilichagua kuchora ramani za majengo kwa sababu moja. Ramani haisemi na mtu kwa nyuma. Iko mezani, mbele ya macho, na kama kuna jambo ndani yake utaliona, na kama hulioni ni uzembe wako. Niliporudi Kigoma na cheti changu, hakuna aliyetaka kukitazama. Mfanyakazi mmoja wa ofisi fulani alimwandikia baba yangu, si mimi, kwamba nifundishwe kushona.

Wakimbizi ndio walionipa kazi. Sipendi kulisema lakini ndivyo ilivyokuwa. Boti zilikuwa zinashusha watu ufukweni kila siku, na kila waliposhuka palihitajika mabanda, vyoo, zahanati, maghala, na vyote vilihitajika jana. Ofisi moja ya ujenzi karibu na bandari ilianza kuajiri mtu yeyote aliyejua kushika rula. Wenye masikio walikuwa wamekwisha kuchukuliwa, ndipo wakanifikia mimi.

Mkubwa wetu alikuwa mhandisi mwenye tumbo la furaha. Watu walimpenda. Alijua majina ya watoto wa kila fundi, na msibani alikuwa wa kwanza kufika. Kwangu alikuwa na mzaha wake. Alisimama nyuma ya kiti changu akasema maneno, na mimi niliyajua kwa kutazama nyuso za wenzangu waliokaa mbele, jinsi zilivyovimba kwa kicheko kilichozuiwa. Nilipogeuka alikuwa anatazama dari. Kuniita aliniita kwa kunitupia kifutio. Lakini haki yake nimpe, yeye ndiye mtu pekee pale ofisini aliyeizoea sauti yangu. Wengine waliniambia niandike. Yeye alinielewa neno kwa neno, hata nilipokuwa na hasira, na nilikuwa na hasira mara nyingi.

Halafu akaja mwenzangu.

Alikuwa ameshuka na boti kutoka Uvira, ng'ambo ya ziwa, akiwa na shati moja na rula ndefu ya mbao aliyoifunga mgongoni kwa kamba. Alizaliwa kiziwi. Kwao alikuwa amechora makanisa, shule, na nyumba za matajiri, ndani na nje, mpaka viti na makabati. Askari wa kituo cha mapokezi walimwona anachora chini kwa kijiti, wakamleta kwetu kama watu walioleta mnyama wa ajabu. Mhandisi alimpa karatasi. Kabla ya saa ya chai alikuwa amechora ghala letu jipya, pamoja na makosa yake yote matatu, na makosa alikuwa ameyazungushia duara. Mhandisi akacheka sana na kumtafutia kibali cha kufanya kazi na kuishi mjini. Pembeni ya jina, kwenye kibali hicho, paliandikwa kwamba mwenye kibali ni kiziwi na hasemi. Tulidhani hilo litamlinda.

Usidhani tulipendana. Mikono yake ilisema lugha nyingine, alama zake nusu sikuzijua, na zangu alizikejeli. Alijua Kifaransa cha kuandika na Kiswahili cha kuombea maji tu. Alinidharau kwa sababu natumia sauti. Kwake kiziwi anayesema kwa mdomo ni kibaraka, anajipendekeza kwa watu wasiomtaka. Mstari wangu ukipinda kidogo alilowesha kidole gumba kwa mate na kuufuta, mbele ya watu, kisha alirudi mezani kwake bila kunitazama. Nilimpa jina la mikono, kidole kwenye nyusi, kwa sababu nyusi zake zilikuwa zimepandishwa wakati wote kama mtu anayenusa samaki aliyelala. Alilipenda jina hilo. Hakujua maana yake, na sikumwambia.

Lakini alikuwa ananielewa. Kabla yake sikujua nimekaa miaka mingapi bila mtu wa kubishana naye. Tulibishana kuanzia asubuhi, mikono ikiruka juu ya meza, kahawa ikimwagika, na wenzetu wakituonea kinyaa. Yeye ndiye aliyenionyesha jambo nililokuwa ninaliishi bila kulijua. Watu wanaosikia, alisema, hujenga nyumba kana kwamba mgongo una macho. Mlango nyuma ya kiti, dirisha nyuma ya anayesema ili uso wake uwe mweusi, nguzo katikati ya ukumbi ikate mazungumzo vipande viwili. Tangu siku hiyo sijaingia chumba chochote bila kukikasirikia.

Tulipewa kazi ya kuchora ukumbi wa mapokezi kando ya ziwa, mahali pa kuwaweka wageni waliotoka kwenye boti mpaka wahojiwe na kupangiwa kambi. Mhandisi alitaka banda, ukuta hapa, bati pale, basi. Sisi tukaliiba lile banda. Tuliondoa nguzo za katikati. Tuliweka madirisha pande mbili ili nyuso zipate mwanga. Na mwenzangu akaleta hoja ya sakafu.

Alinieleza alivyovuka ziwa. Walijazana kwenye boti ya mbao, usiku, bila taa, na mtu asiyesikia gizani hana lolote, hata mikono haionekani. Lakini miguu yake ilikuwa juu ya mbao. Injini ilipozima alijua. Mtu alipodondoka karibu naye alijua, na nahodha alipokanyaga kwa nguvu ili watu wainame, yeye naye aliinama. Boti ile ilisema naye njia nzima. Ndani ya nchi kavu, alisema, hakuna jengo lililowahi kusema naye hivyo.

Kwa hiyo tulichora sakafu ya mbao. Tuliinua boriti juu ya vijiguzo vifupi, tukaacha uwazi chini, tukalaza mbao ndefu za mninga kutoka mlango mpaka ukuta wa mwisho bila kuzikata, ili mguu ukikanyaga upande huu mtu wa upande ule ajue. Katika kila boti walikuwemo viziwi, wazee, watoto walioharibiwa masikio na milipuko. Waliachwa nyuma kila walipoitwa. Sasa mhudumu angekanyaga mara mbili, nao wangegeuka kama watu wengine. Mafundi wa boti wa Kibirizi ndio waliotupigilia mbao, maana maseremala wa mjini walitaka kuweka viraka.

Mhandisi alinung'unika kuhusu mbao mpaka siku wageni wafadhili walipokuja. Alitupanga mimi na mwenzangu katikati ya ukumbi, tukitazama ziwa. Akawaeleza wageni kwamba amekesha akiwafikiria walemavu. Kisha akaenda mpaka mwisho wa ukumbi, akakanyaga kwa kishindo. Sote wawili tukageuka. Wageni wakapiga makofi. Akarudia, tukageuka tena, na mwanamke mmoja akafuta machozi. Baada ya hapo kila mgeni aliyekuja alionyeshwa. Tuliitwa kutoka mezani, tukasimama, tukakanyagiwa, tukageuka. Mwenzangu alifanya hivyo uso ukiwa umekauka kabisa, halafu akifika ofisini aliniigizia mbwa anayeamka. Nilicheka, naye alicheka. Sakafu ilikuwa yetu hata kama jina halikuwa letu.

Kisha ukaja ule mwaka wa misako. Amri ilitoka kwamba wakimbizi wote wanaoishi mjini wapelekwe kambini. Barabarani wakawekwa askari, na ukumbi wetu wa mapokezi ukageuzwa mahali pa kuchambulia watu. Wenye vibali waliachiwa. Wasio na vibali walipakiwa kwenye malori ya kambini. Na kulikuwa na fungu la tatu, la walioshukiwa kwamba wanadanganya ili kuficha walikotoka na walichofanya huko. Hao walipelekwa mbali, na hakuna aliyetuambia ni wapi.

Mwenzangu alikamatwa asubuhi akinunua samaki, migebuka. Mtu mmoja tu alihitajika kumtoa, mtu wa ofisi wa kuja kusema kwamba huyu ndiye yule wa kwenye kibali. Nilikwenda na mhandisi. Njiani alinipigapiga begani na kusema, uso wake ukiwa mbele yangu, "Usihofu, binti wa Ujiji. Dakika mbili tu, tunarudi naye." Nilimwamini kabisa. Hata nilikuwa nimebeba funguo za dawati la mwenzangu.

Hapa niseme kwamba mimi husoma midomo, lakini si kama watu wanavyodhani. Nashika nusu, nusu nyingine nabahatisha. Yaliyonipita siku hiyo nilielezwa baadaye na mama mfagiaji wa ukumbi, aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo yake.

Mwenzangu alikuwa katikati ya ukumbi, mahali palepale alipozoea kusimama mbele ya wageni. Meza ya afisa ilikuwa pembeni. Afisa alikuwa mtu mwembamba, mchovu, amehoji mabubu wa uongo wiki nzima na kuwanasa wote. Aliinua kibali.

"Hiki ni cha kiziwi," alimwambia mhandisi. "Huyu nitajuaje kama ni kiziwi? Leo nimepokea viziwi saba. Nikawapiga makofi mawili, wote wakaanza kuongea."

"Huyu ni wa kweli, afande," mhandisi akasema. "Ni mchoraji wangu."

"Tutaona."

Mwenzangu aligeuzwa aelekee ziwa. Afisa akasimama nyuma yake, akapiga makofi karibu na kisogo. Mwenzangu alitazama maji. Afisa akaita jina lake kwa ukali. Alitazama maji. Askari mmoja akapuliza filimbi, mama mfagiaji aliziba masikio, na mwenzangu akajikuna shingo. Niliona afisa anaanza kulegea. Aliweka kibali mezani, akakisukuma upande wa mhandisi. Mhandisi akanyoosha mkono.

Askari aliyekuwa mlangoni alikuwa amesimama muda mrefu. Akachoka, akashusha bunduki begani, na kitako chake kikagonga mbao.

Mwenzangu akageuka.

Hakugeuka kwa mashaka. Aligeuka kama alivyogeuka kila siku kwa miaka ile, mara moja, kichwa na mabega, akatazama mlangoni kuona ni nani anayemwita. Niliona alipoelewa. Nyusi zake zilishuka. Katika miaka yote niliyomfahamu sikuwa nimeziona zimeshuka.

Afisa alicheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta tangu asubuhi, na askari wote wakacheka naye. Nikamtazama mhandisi. Katika ukumbi ule, ukimwondoa mwenzangu na mimi, yeye ndiye mtu pekee aliyejua kwa nini kiziwi amegeuka. Alikuwa amekanyaga mbao hizo mbele ya wageni mara zisizohesabika. Sentensi moja ilitosha. Na yeye akacheka. Nimetafuta sababu kubwa kwa miaka mingi, hofu, husuda, maslahi, na sikuipata. Alicheka kwa sababu afisa alicheka.

Nikapaza sauti. "Ni sakafu! Ni mbao, zinatikisika, amejua kwa miguu! Mtoe nje, mpime mchangani!"

Afisa alinikunjia uso kama watu wote wanavyonikunjia. Akamgeukia mhandisi. "Anasema nini huyu?"

Mhandisi alinitazama. Alikuwa amenielewa, kila neno, niliona lilivyompita machoni. "Sijui, afande," akasema. "Huyu naye huwa anapayuka."

Nilichukua chaki mezani, nikapiga magoti, nikachora palepale juu ya mbao. Nikachora ubao, boriti, vijiguzo, uwazi wa chini, mguu huku na mguu kule, na mshale wa kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Mtoto angeelewa. Mwenzangu alikuwa amenisogelea, na bila kujizuia akalowesha kidole gumba akafuta mstari mmoja wa boriti niliouweka pabaya. Hata pale. Afisa alitembea juu ya mchoro akaja kusimama mbele yangu, chaki ikabaki kwenye soli za viatu vyake.

"Kwa hiyo wewe nawe ni kiziwi," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Geuka."

Nikageuka, nikatazama ziwa. Katika muda ule mfupi niliuona mtego mzima. Nikisimama kama gogo, ataamini kwamba mimi ni kiziwi na kwamba sakafu haina lolote, na mwenzangu atakuwa mwongo. Nikigeuka, nitakuwa nimeonyesha kwamba sakafu inatikisika, lakini yeye atasema na mimi nasikia. Jibu la tatu halikuwepo. Mtetemo wa kitako cha bunduki ukaja, ukapanda kwenye nyayo mpaka magotini, msafi kabisa, kutoka mwisho wa ukumbi, hakuna ubao hata mmoja uliolegea. Nikageuka. Nilimtazama afisa machoni huku nimenyoosha kidole kwenye miguu yangu.

"Wote wawili wanasikia," afisa akawaambia askari wake.

Akatabasamu, akaniambia kwa upole kabisa, taratibu, kama mtu anayemwonya mwanawe: "Dada, wewe ni wa Ujiji, unafahamika. Nenda kwenu. Acha kuwafundisha watu hawa uongo."

Kibali kikaingia mfukoni mwake. Mhandisi aliupeleka mkono wake mfukoni pia, kwa kuwa alikuwa bado ameunyoosha. Alimpa afisa mkono wa kwaheri. Akanishika kiwiko ili tuondoke, nikajinasua, nikamwambia maneno ambayo shangazi yangu angeyakumbuka mpaka kaburini. Ninajua aliyaelewa, kwa kuwa masikio yake yalibadilika rangi. Mama mfagiaji naye aliniambia baadaye kwamba hakuelewa hata moja, ila alidhani ninalia.

Lori lilikuwa limeegeshwa upande wa pili. Walioshukiwa walipangwa mstari kupita kwenye ukumbi mzima kuelekea mlango wa nyuma, na mwenzangu aliwekwa wa mwisho. Mimi nilikuwa nimekwisha kuwapa kisogo, niko kwenye mlango wa mbele, nimeshika mwimo, sitaki kuona. Ndipo nikaitwa. Mara mbili, kishindo kizito cha kisigino, jinsi tulivyokubaliana tulipokuwa tunaijaribu sakafu hiyo ikiwa bado inanuka maranda. Afisa alikuwa ananitazama. Niligeuka mbele ya macho yake, na askari wakacheka tena.

Mwenzangu alikuwa amesimama mlangoni kule, mwanga wa ziwa umempiga usoni kutoka pembeni, kama tulivyoyachorea madirisha. Nilimwona vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona kutoka umbali ule. Hakuna nguzo iliyotukata. Aliinua mikono, nyusi zimerudi juu, na akatumia alama zangu, zile alizozikejeli, ili nisikosee.

"Inafanya kazi," akasema.

Askari akampiga mikono kwa kitako cha bunduki kwa kudhani anapeana ishara na mtu, na kwa kweli alikuwa anapeana. Akapanda lori. Lilichukua njia ya Kidahwe, hilo nililiona mwenyewe, na baada ya hapo sijui. Niliuliza kambini kwa miaka. Unamuulizaje mtu ambaye watu wote wanamjua kama bubu, katika mwaka ambao mabubu walikuwa wengi hivyo? Waliniletea mabubu watano. Wote walikuwa wanaongea.

Ofisini mambo yalikwenda kama kawaida, ila mzaha uliongezeka. Ile habari ilikuwa imenitangulia. Wakadondosha vitabu nyuma yangu, wakagonga debe, wakataka kuona kama nitageuka. Sakafu ya ofisi ilikuwa ya saruji, kwa hiyo sikujua lolote mpaka nilipoona nyuso. Mhandisi mwenyewe aliacha kuniandikia. Aliniambia kwa mdomo tu, haraka haraka, akitazama kando, na nilipomwomba arudie alisema, "Wewe si unasikia?" Nadhani ilimsaidia kulala. Kama nilimdanganya kwamba mimi ni kiziwi, basi na yule wa lori alikuwa amemdanganya, na yeye alikuwa amedanganywa tu, maskini. Alipofariki, mji mzima ulimlilia. Mimi nilikaa nyumbani nikala.

Sasa nina ofisi yangu Ujiji, chumba kimoja, meza imeegemea ukuta na mlango uko mbele ya uso wangu. Nachora nyumba za wafanyabiashara, misikiti, madarasa. Wanaokuja wanajua kwamba nina ulimi mchungu na nyumba ninazozichora hazivuji. Juzi walinijia watu wa kamati inayojenga shule ya watoto viziwi. Walikuwa na furaha sana. Walisema wamesikia kwamba viziwi wanafaidika na sakafu ya mbao, ili mwalimu akikanyaga watoto wote wageuke, na kwamba mimi nimewahi kuchora moja nzuri kuliko zote kando ya ziwa. Wakaniuliza kama ningeweza kuwachorea kama ile.

Niliwachorea zege. Nilishindilia mawe chini, nikaweka kokoto, nikamwaga zege nene ambalo tembo akidondoka juu yake aliye kando hatajua. Mwenyekiti wa kamati aliutazama mchoro, mtu mpole, akatafuta karatasi akaniandikia: sasa mwalimu atawaitaje watoto?

Nikamjibu kwa sauti, na sikujali inapanda au inashuka. Nilimwambia mwalimu atembee mpaka mbele ya mtoto, asimame pale amwone uso, na kama ni mbali sana kwake, basi amwache.